Mguu wa Kumbebea Zuhura

Bagamoyo, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute Ujiji ukiwa mzima, na kikombe cha chai mkononi. Kifua kimepoa? Na yule kuku wako mkorofi, bado anakwenda kutaga kwa jirani? Mimi huku sijambo, tena leo ni sijambo ya kweli, si ile ninayokuambia kwenye simu. Ningepiga, lakini nikipiga mnanyang'anyana simu mpaka salio linakwisha sijasema kitu. Kwa hiyo nimeandika, na wifi anayekusomea asiruke mistari kama kawaida yake.

Kuna jambo sikukuambia kwa sababu najua ungeacha kula. Tangu mfungo upite, mguu wa kulia ulikuwa unanitesa. Si goti lenyewe, ni nyuma yake, pale kwenye mkunjo. Nikiinuka baada ya kukaa, panavuta kama kamba fupi. Nikilala, misuli ya shavu la mguu inakakamaa mpaka mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi, anaamka kwa kelele zangu. Nami nikawa nawaza harusi ya Zuhura tu. Katika ukoo wetu bibi harusi hatoki ndani kwa miguu yake, dada yake ndiye humtoa mgongoni, kama mama mkubwa alivyokutoa wewe. Na Zuhura hana dada mwingine. Nilimwahidi tangu akiwa hana meno ya mbele. Nikajiona nimekaa mkekani namtazama binamu fulani, jina silitaji, akimbeba mdogo wangu. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

Bi Mwanaidi ni mzaliwa wa hapa mjini, na hakuna ugonjwa asioujulia dawa. Alinichua kwa mafuta ya nazi mpaka nikanukia kama wali. "Umekanyaga pabaya, mwanangu," akasema. Nikamwambia sijakanyaga popote, kutwa nimekaa jikoni. Alipoona hali ni ile ile, akavaa buibui lake akanivuta hospitali.

Huko nikapokewa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole lakini maswali kama karani wa mahakama. Mguu umevimba? Una joto, umekuwa mwekundu? Pumzi zinakubana? Yote hapana. Akasema ni heri, maana mguu mmoja ukivimba ghafla na kupata joto, huenda damu imeganda ndani, na huo hauchuliwi hata kidogo, mtu hukimbizwa hospitali. Akapapasa nyuma ya goti kutafuta uvimbe wa maji, hakuona. Kisha akauliza, "Kazini unakaaje?"

Nikamwambia nakuna nazi nimekaa chini, lakini namna yenyewe ya kukaa nikashindwa kuieleza. Kwetu sisi ni mawese, nazi nimejifunza kukuna ukubwani, hapa mgahawani ambapo vijana wa chuo cha uvuvi cha Mbegani wanakula wali wa nazi kama hawatakula tena. Dada akasema nikirudi nije na hicho ninachokalia. Mama, nilibeba mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma, nikaipeleka hospitali imefungwa kanga. Foleni nzima ikanitazama. Mzee mmoja akauliza, "Binti, umekuja kutibiwa au kupika?" Nikamjibu, "Shikamoo babu, yote mawili."

Nikakaa kama ninavyokaa siku zote. Bi Mwanaidi, aliyenisindikiza tena, akashika kichwa. "Subhanallah. Nani kakufundisha kukaa hivyo?"

Hakuna aliyenifundisha. Kwa kuona haya kupanua miguu mbele ya wateja, nilikuwa naukunja mguu wa kulia na kuukalia, asubuhi nzima, nazi baada ya nazi. Wenyeji wao hukaa upande, mguu mmoja wameunyoosha mbele na kanga imefunika kila kitu, stara na raha pamoja. Miaka yote niliyokaa nao sikuwahi kuitazama miguu yao. Dada akanieleza kwamba misuli ya nyuma ya paja na ile ya shavu la mguu hukutana pale nyuma ya goti, na ukiikunja muda mrefu inakaza na kuchoka, halafu usiku inalipiza.

Dawa yake itakuchekesha. Nakaa mkekani miguu imenyooka, napitisha kanga kwenye unyayo, naivuta polepole mpaka vidole vinanitazama, kisha natulia hapo bila kurusharusha. Misuli ikibana ghafla nafanya vivyo hivyo, inaachia. Maji nayo nakunywa sasa, maana natoka jasho jikoni na nilikuwa naishi kwa chai. Bi Mwanaidi amejiunga nami uani na kanga yake, majirani wanadhani tumeanzisha ngoma.

Juzi nilitumwa Lugoba kununua kuku. Basi lilipofika njia panda ya Msata ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa na mguu mbovu. Njia nzima haukusema kitu. Nilifurahi mpaka nikamnunulia karanga abiria wa pembeni nisiyemjua.

Nilimuuliza dada kama naweza kubeba mtu. Akasema nianze na mzigo mwepesi, niongeze kidogo kidogo. Nikaanza na ndoo, nikaja kwenye kapu la nazi. Leo asubuhi Bi Mwanaidi akasema, "Nibebe mimi." Mama, hujamwona Bi Mwanaidi. Akipanda bajaji, mwenzake husubiri inayofuata. Nimemtoa chumbani kwake hadi mlango wa mbele, naye mgongoni anajipigia vigelegele mwenyewe.

Nisalimie kaka Idi na wifi msomaji. Mama mkubwa mpe shikamoo yangu, na mguu wake ukivimba asikubali kuchuliwa kabla hajaonwa na daktari. Binamu fulani naye msalimie, mwambie aje harusini apumzike.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma

Nasikia Zuhura anajinyima chakula ili awe mwepesi. Mwambie ale ashibe. Nitambeba.