Daraja na Gogo Letu

Mereoni, umekaa? Hii usimsomee mtu.

Daraja halina ubovu wowote. Ni sisi. Ni sisi na gogo letu.

Leo tuko pale kivulini chini ya daraja, tunaponda magome juu ya gogo kutengeneza kitambaa cha harusi ya mjukuu wangu Taraivini. Mimi nalalamika kwamba daraja likibaki limefungwa hadi Jumamosi, wakwe watavukaje mto. Mara akashuka Isikeli, yule mhandisi wa barabara, na kompyuta yake.

"Bibi, mmeanza lini kupondea hapa?"

Nikamwambia wiki tatu. Akafumba macho.

Unavijua vile visanduku walivyofunga kwenye nguzo? Ni vihisi, vinapima mtikisiko wa daraja mwaka hadi mwaka. Na gogo letu tumeliegemeza kwenye nguzo hiyohiyo. Vimeandika kwamba inatetemeka kila siku kuanzia saa mbili, inatulia saa nne, kisha inaanza tena.

"Saa nne kuna nini, bibi?"

"Chai," nikasema. Chai, Mereoni. Nilitamani mto unimeze.

Akaomba tuponde kidogo. Mstari ukaruka kwenye kioo cha kompyuta kama panzi.

"Hatujalala tukidhani nguzo inakatika," akasema.

Loata, ninayeponda naye, akamjibu, "Na sisi tukidhani mmefunga kwa uvivu." Isikeli akacheka mpaka akakaa chini.

Amekagua nguzo yote, na saa nane magari yameanza kupita. Gogo amelibeba yeye na dereva wake hadi uwanja wa kanisa.

Bado vipande viwili vya kitambaa, na mikono imetuishia nguvu. Njia ipo sasa, kesho vuka na rungu lako la kupondea, utusaidie.