Shimo la Changarawe la Bwera

Jumatatu, 4 Machi 1974
Matope tena leo. Kapu kichwani, kutoka mto Lhubiriha hadi shimoni, nenda rudi. Shingo inauma. Shimo hili walilichimba watu wa barabara, wakabeba changarawe yao, wakatuachia pengo. Mume wangu alipofariki, kaka yake, Mumbere, ndiye aliyegawa mashamba ya marehemu. Kahawa akachukua yeye. Migomba akachukua yeye. Mimi akanipa shimo. "Wewe mutu wa Kongo," alisema, "kwenu si munajua kuchimba madini? Chimba basi." Watu wa matanga wakacheka midomo wazi. Namchukia. Nimeshaandika, basi.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kashuka na samadi ya mbuzi kichwani. Macho yake yamefifia, miguu ndiyo inayokumbuka njia. Katika ukoo huu wote ni yeye peke yake anayeniita mwanangu. Tumetandaza kama misimu yote: chini makapi ya kahawa, juu yake samadi, juu kabisa matope ya mto. Nimechomeka fimbo, ikazama. Mwaka wa kwanza fimbo hiyohiyo iligonga mawe. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya misa Mumbere alikuja, akasimama ukingoni. Safari hii hakucheka. Alichota udongo, akaunusa, akaondoka bila salamu. Nimeogopa.

Huku mpaka wa shamba hupandwa. Unapanda mmea wa muramura kwenye pembe, majirani wanaona, imekwisha. Lakini mimi mgeni. Nikiupanda mimi, utang'olewa kesho. Kwa hiyo nimemwomba mama mkwe aupande kwa mkono wake mwenyewe, na majirani nikawaita mimi, nyumba kwa nyumba, waje washuhudie. Ameupanda, wote wameona. Nani atathubutu kung'oa alichopanda bibi wa ukoo? Nimejiona mjanja kweli. Jioni nimepanda maharagwe.

Jumatano, 10 Aprili
Maharagwe yamependeza, majani mapana. Mama mkwe anakohoa. Nampa uji, anautapika. Mumbere hajaja kumwona mama yake. Mkewe alikuja, akayatazama maharagwe, akaenda zake.

Jumanne, 23 Aprili
Mama amefariki asubuhi.

Alhamisi, 25 Aprili
Jana ilikuwa siku ya maziko. Nilikuwa na wanawake, tunamenya ndizi za waombolezaji. Nikasikia majembe. Mlio ulitoka upande wa chini, si kule kilimani alikozikwa baba mkwe. Nilikimbia na kisu mkononi. Walikuwa ndani ya shamba langu, kaburi limeshafika kiunoni.

Nilimuuliza Mumbere kwa nini mama asilale pembeni mwa mumewe. Alijibu mbele ya wote, kwa upole kabisa. "Shemeji, kule juu iko mawe tupu. Hapa udongo iko laini. Halafu hii shamba iko ya mama. Yeye ndiye alipanda muramura. Ninyi wote muliona, ao hamukuona?"

Wakaitikia kwamba waliona. Majirani walewale niliowaita mimi.

Kaburi la ukoo likiingia shambani, shamba ni la ukoo. Hilo halina kesi. Na ningepiga kelele, ningeitwa mwanamke aliyemnyima marehemu mahali pa kulala. Nikatazama udongo wangu ukitolewa tabaka kwa tabaka: matope, samadi, makapi. Halafu changarawe. Mchimbaji mmoja alifurahi. "Kaburi rahisi hii! Hata jasho hapana." Walipofukia, changarawe ikabaki juu.

Nilimlilia mama, kweli nilimlilia. Shamba nililililia zaidi. Mungu anisamehe au aache, ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 3 Mei
Mumbere kaniita mbele ya wazee. "Shemeji, mikono yako iko na baraka. Iko shimo ingine kule barabarani, ya Mpondwe. Nakupa." Wazee wakamsifu kwa ukarimu wake. Mmoja akaniambia nipige magoti nishukuru. Nilipiga. Nilitamani afe, na atangulie kuoza kabla ya kufa.

Kapu langu limetoboka. Silishoni.

Jumapili, 9 Juni
Mvua tangu alfajiri, sikwenda misa. Mke wa Mumbere kavuna maharagwe yangu. Kaniletea bakuli, yamepikwa kwa mawese, yamefunikwa kwa jani la mgomba. Nilikusudia kuwamwagia kuku akishaondoka.

Nilionja moja. Tamu, nono, ganda laini. Mume wangu hajawahi kula maharagwe kama haya, wala mama.

Nimekula yote. Nimeosha bakuli, nimelirudisha, nimesema asante.