Uhakiki wa Wino wa Marehemu

Manyoni, 3 Machi 2024

Shikamoo mjomba,

Habari za Iguguno? Mama Clement goti lake linaendeleaje? Sisi huku wazima, mvua tu inatusumbua. Naandika kwa mkono kwa kuwa simu yako huwa imezimwa sandukuni, utadhani ni ya kuuza.

Lile gazeti la Dodoma limekubali uhakiki wangu wa zile katuni, Wino wa Marehemu! Nimesoma matoleo yote manne, mara tatu. Hadithi unaijua: wakubwa wanataka ardhi ya kijiji, wanaghushi muhtasari wa mkutano, na waliotia sahihi ni watu waliokwisha kufa. Nimesifu jinsi mchoraji anavyotutisha kwa migongo ya watu, nyuso zao hatuzioni. Nimelaumu maneno mengi kwenye toleo la pili.

Mchoraji hajitaji jina, lakini nimemnasa. Kengele ya shule aliyochora ni rimu ya lori iliyopasuka pembeni, inaning'inia kwa mnyororo. Si ile ya shuleni kwenu? Nimeandika wazi kwamba mchoraji ni mtu wa Iguguno. Mhariri anasema aya hiyo ndiyo itakayouza gazeti. Litatoka tarehe kumi na tano.

Nakutumia nakala unisahihishe kama zamani.

Mpwa wako,
Emiliana

Iguguno, 10 Machi 2024

Mpwa wangu Emiliana,

Marahaba. Sisi tu wazima, goti limepoa, alizeti imesimama vizuri. Umeandika vyema. Kuhusu toleo la pili umesema kweli, maneno yamezidi.

Aya ya kengele iondoe. Usiulize sababu, na usinipigie. Barua hii nampa Gerald, kondakta wa basi, akufikishie mkononi.

Iondoe, mwanangu.

Mjomba wako,
Shukuru

Manyoni, 18 Machi 2024

Shikamoo mjomba,

Mko salama? Leo nauliza kwa kweli, si kwa mazoea. Basi la akina Gerald liliharibika, barua yako nimeipata jana. Gazeti limetoka tangu Ijumaa, na aya imo.

Jumamosi watu wawili walifika kwa mhariri. Hawakugomba. Walimwuliza, "Huyu Emiliana ana ndugu Iguguno?" Akasema hajui. Wakanunua magazeti kumi, wakamshukuru, wakaondoka.

Mjomba, nimefanya nini?

Mpwa wako,
Emiliana

Iguguno, 22 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama Clement anakusalimu. Hajui ninayokuandikia.

Mchoraji ni mimi.

Nilipokuwa kwenye kamati ya ardhi nilioneshwa muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika. Sahihi ya kumi na moja ilikuwa ya mjomba wako Paschal. Paschal nilimzika mwenyewe, miaka minne kabla. Nikalalamika ofisi tatu. Ile ya tatu waliniuliza nina watoto wangapi. Nikarudi nyumbani, nikachukua penseli.

Juzi watu wawili walikuja shuleni wakaipiga picha kengele. Wakamwuliza mwalimu mkuu, "Nani alikuwa anafundisha kuchora hapa?" Akawajibu kwamba walimu walikuwa wengi. Lakini anajua. Nusu ya kijiji nimewafundisha.

Toleo la tano lina majina yao halisi. Gerald atakuletea kurasa. Zichome au zifiche, utaamua mwenyewe. Usijilaumu. Ulisoma kwa makini, na ni mimi niliyekufundisha kusoma hivyo.

Mjomba wako,
Shukuru

Manyoni, 4 Aprili 2024

Shikamoo mjomba,

Sijui barua hii itasomwa na nani. Mama Clement amenipigia. Anasema Jumatatu ya tarehe ishirini na tano uliitwa Singida na mtu aliyejiita wakili, eti atakusaidia mambo ya ardhi. Ukavaa koti, ukaenda. Leo ni siku ya kumi. Polisi wamemwambia asubiri, watu wazima husafiri.

Kurasa nimezipata, ishirini na nne. Nimezisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Sijazichoma. Asubuhi nimezipeleka kwa mchapaji, nakala elfu moja. Penye nafasi ya mchoraji nimeandika jina lako lote, na chini yake langu, maana mtu anayejulikana na wengi ni vigumu kumpoteza kimyakimya. Kama nimekosea, nisamehe.

Mchana huu mtu ameingia hapa dukani ninapouza madaftari. Ameuliza kwa upole, "Dada, Emiliana ni nani hapa?"

"Ni mimi," nimemjibu.

Amenitazama, akavuta kiti, akaketi. Bado amekaa. Naandika mbele yake.

Mpwa wako,
Emiliana