Mkono wa Balz

Basel, Agosti 1861

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako limepoa na yule ng'ombe mweusi amezaa bila taabu. Mimi nipo, ila meno mawili ya mbele sina tena na sikio la kushoto limeshonwa. Usilie kabla hujamaliza kusoma.

Balz Tresch, mwuza dawa wa huku, unamjua kwa jina. Ulikuwa ukinitania kwamba barua zake nazingojea kuliko mchumba. Miaka yote hiyo tulitumiana mimea iliyokaushwa bila kuonana uso kwa uso. Mwezi wa sita akaja ghafla huko kwetu milimani, ati alione lile ua langu jeupe la mwambani, ambalo sijapata kulisikia likiota mahali pengine. Tulikula jibini, tukanywa mvinyo, nikajisifu mpaka nikalala.

Asubuhi nilimpeleka. Nilirudi nyuma kidogo kuchukua kofia yangu iliyopeperushwa, na niliporejea nikamkuta anang'oa shina la mwisho, mizizi na yote. Kwetu sisi wakusanya mimea huo ni mwiko: kata ua, kata jani, mzizi uache. Nikamwita mwizi. Akasema, "We mpumbavu, hebu nisikilize kwanza!" Sikusikiliza. Nilimtwanga ngumi ya uso, naye akanirudishia, meno yakaruka. Tukagaagaa ukingoni mwa genge, akaning'ata sikio. Nikakamata kisululu alichochimbia mizizi, nikampiga mkono wa kulia uliokumbatia yale maua. Mfupa ukalia. Mama, niliusikia, na bado nikaendelea kupiga.

Siku ya pili alifika mfanyabiashara wa maua kutoka Lyon, na watu wake na magunia, wakaparua mwamba mzima hadi kuvu. Mkononi alikuwa na karatasi niliyoiandika mimi. Nilipomtumia bwana mmoja wa Paris ua lililokaushwa, niliandika mahali lilipoota, kama desturi yetu inavyotaka, hadi jiwe lenyewe. Balz alipata habari kwamba karatasi hiyo imeuzwa na mtu wa Lyon yuko njiani. Hakuthubutu kuniandikia, maana barua zetu husomwa na wakusanya mimea wenzetu wote, basi akaja mbio kuiokoa mizizi. Usiku ule alitaka kuniambia, ila majisifu yangu hayakumpa nafasi.

Daktari aliukata mkono. Maua yako hai, kwenye vyungu dirishani kwake. Nami nimeacha ualimu, naishi hapa, namwandikia barua zake. Kila jioni hunikalisha mezani. "Andika: mkono wangu umevunjwa na Wendelin Gisler, mwenye akili za kondoo." Naandika. Juzi niliandika "ajali", akanizaba kibao. "Futa!"

Hata barua hii ni amri yake. Mimi nilitaka kukuambia nilianguka. Kinachoniuma kuliko meno ni kwamba analala chumba cha pili, na mwandiko wake niliouzoea sitauona tena.

Nisalimie shangazi Kreszenz na majirani wote. Alama iliyopinda hapo chini ni ya Balz, kwa mkono wa kushoto, kuthibitisha kwamba sijapunguza neno. Ndiyo maandishi yake ya kwanza tangu siku ile. Nitunzie barua hii, Mama.

Mwanao,
Wendelin

KWELI. B.