Mama Mkwe Alipandishwa Lori la Mchanga kwa Sababu ya Oili ya Gia Boksi

Shangazi Biubwa, shikamoo. Nakuandikia kabla sijatamka neno jingine nitakaloshindwa kulirudisha, maana hasira niliyonayo hainiachi nile wala nilale, na kila anayenishauri hapa nyumbani ni ndugu wa hao hao walionikosea.

Mimi ni Hajra, wa Zinga, nakodisha viti na masufuria ya shughuli, na kazi yote hiyo naifanya na Noah yangu, gari la zamani lakini halijawahi kuniangusha, gia zake zilikuwa zinaingia laini hata nikiwa nimepakia mpaka juu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, alipolazwa hospitali Bagamoyo ni mimi niliyekwenda kumuuguza, gari nikaliacha nyumbani, na yule mama nilimpenda, Shangazi, hakuwahi kuniita mkwe, aliniita mwanangu mpaka roho ilipomtoka mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tukakubaliana mwili uende kwao Saadani kwa gari langu. Mimi naendesha, mume wangu Amin kakaa pembeni yangu kwa sababu macho yake hayamruhusu kushika usukani, na nyuma na marehemu wamekaa shemeji yangu Kitwana, ambaye ni kaka mkubwa wa Amin, na wifi yangu Raya. Tangu tunaondoka nikaona gari linachelewa kushika gia, injini inalia lakini mwendo hauji, na tulipopita Makurunge, kwenye kimlima kidogo tu, likalia kwa kelele, likasimama, likaanza kurudi nyuma na mama yetu ndani.

Amin akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakinusa, akamtazama kaka yake, kisha akafunga boneti. Na Kitwana, mbele ya watu waliokuwa wamesimama kutusaidia, akasema kwa sauti, "Ndiyo shida ya kumpa mwanamke gari. Anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, lazima gia ziungue!"

Jua limeshapanda, kaburi limeshachimbwa, watu wanasubiri. Likapita lori limejaa mchanga, dereva akatuonea huruma, tukampandisha mama juu ya mchanga. Mimi nilikaa naye huko juu nimezishika khanga alizofunikwa kwa mikono miwili zisipeperuke, na kila shimo nilikuwa namwambia, "Nisamehe, mama." Nilidhani nimekosa mimi.

Siku ya hitima, tunachambua mchele, Raya akaniambia bila ubaya wowote, "Lakini wifi, na ile oili mpya aliyotia Kitwana ulipokuwa hospitali, mbona haikusaidia?" Nikauliza, oili gani? Ndipo nikajua kwamba Kitwana, kwa vile anaendesha trekta na kwa hiyo ni fundi wa kila kitu, aliimwaga oili ya gia boksi yangu na kutia ile iliyobaki kwenye dumu lake la trekta. Sikumaliza kuchambua. Nikatoka mpaka barazani walikokaa wanaume, nikamwita mjinga, nikamwita mwongo, nikamwambia, "Mama yako umempeleka kaburini kama kifusi!"

Sasa ukoo umekaa na kuamua nimwombe Kitwana radhi mbele ya wote. Amin ananibembeleza, "Omba tu yaishe, mke wangu." Nilipombana akakiri kwamba alikuwepo, yeye ndiye aliyeshika faneli, na hata alimwambia kaka yake, "Hii mbona si nyekundu kama ile iliyotoka?" lakini hawezi kumwaibisha kaka yake na kaburi la mama halijakauka. Na gari, wengine wanasema gia boksi ya zamani haiguswi oili yake, imeshakufa, niliuze chuma chakavu. Je, niombe radhi? Na gari langu nilifanyeje?

Hajra, Zinga

*

Marahaba, Hajra, na pole kwa kufiwa.

Nianze na gari, maana hilo halina ukoo. Oili ya gia boksi ya otomatiki ni nyepesi, na ndani ya gia boksi kuna sahani zinazoshikana ili gari liende. Ukitia oili ya mashine nyingine, zile sahani zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Ndiyo harufu aliyoinusa mumeo. Breki zako hazihusiki. Hayo ya kwamba gia boksi ya zamani haiguswi yana ukweli kwa ile ambayo tayari inateleza, maana oili mpya haifufui kilichokwisha. Yako ilikuwa inavuta vizuri.

Usiliwashe tena, na usikubali livutwe kwa kamba; libebwe. Fundi afungue bakuli la chini la gia boksi atazame kwenye sumaku iliyomo, inayonasa unga wa chuma. Akikuta tope laini jeusi, aoshe, abadilishe chujio, atie oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ile mbovu haitoki yote mara moja, kwa hiyo liende mwendo mfupi, imwagwe, itiwe tena, mpaka itoke safi, na ipimwe injini ikiwa ya moto na inanguruma. Akikuta vipande vya chuma, gia boksi imekwisha, tafuta nyingine. Na Kitwana asilisogelee hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi!

Sasa wewe. Umemtukana mtu msibani, mtu aliyetoka kumzika mama yake. Neno la kifusi lilikuwa baya, na unajua lilikuwa baya, ndiyo maana hulali. Zaidi ya hapo, umemtukana asiyestahili sehemu kubwa ya hasira hiyo. Kitwana ni mjuaji na mdomo wake mchafu, lakini huenda mpaka leo anaamini kweli ni breki zako. Mumeo ndiye aliyejua. Alijua pale barabarani, akafunga boneti, akakuacha upande lori ukimwomba marehemu msamaha wa kosa lisilo lako. Mbona barua nzima hukumkaripia hata mara moja?

Namba yake uliniandikia, nikampigia. Sauti ya upole kweli. Akaniambia, "Shangazi, nitasema, ila baada ya arobaini." Nikamwuliza, "Na mkeo atukanwe kwa siku arobaini?" Akarudia, "Baada ya arobaini, Shangazi." Nikamwambia kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa, nikakata simu. Nilikasirika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kikao ukihudhurie, umevaa vizuri, ukae kimya. Ukiambiwa uombe radhi, sema neno moja: "Aanze Amin." Asipoanza, waeleze wazee mwenyewe, taratibu, bila tusi hata moja, nani alimwaga, nani alishika faneli. Akianza, basi mwombe Kitwana radhi ya lile neno la kifusi, hilo tu. La gari usiombe, wala usikubali kuombewa.

Na wewe Amin, kaka yako hatakufa kwa aibu. Mkeo ndiye anayekuacha polepole, bado yuko ndani ya nyumba yako na hujaona. Simama useme.