Titi la Kushoto

Kambi ya Mgodini, Geita
Jumapili, mwezi wa sita

Mama yangu, shikamoo. Na wewe Kaka Yohana unayemsomea, shikamoo. Natumaini miguu ya mama imepungua uvimbe na ng'ombe wanapata majani. Sisi huku tu hai, ila si wote wazima, na asiye mzima ni mimi.

Kaka, kabla hujaendelea, nakuomba. Haya si maneno ya dada kumwandikia kaka yake, lakini hapo nyumbani anayejua kusoma ni wewe peke yako. Humu nimeandika titi mara nyingi. Usiruke hata moja. Ukiona haya, geukia ukutani usome, mama atakusikia tu.

Mama, titi langu la kushoto limevimba. Jumanne asubuhi niliamka natetemeka kwa baridi na huku jua limeshakuwa kali, nikadhani ni malaria. Kufika adhuhuri titi likawa gumu upande wa kwapani, ngozi imevutika inang'aa, lina moto, nguo ikiligusa tu naumia. Chuchu ilikuwa na ufa tangu wiki iliyotangulia, nami nilinyamaza.

Kosa ni langu. Uliniambia nikae ndani mpaka Neema atimize miezi miwili. Nilikaa wiki tatu. Wanaume wakitoka shimoni asubuhi wana njaa, na mama aliyekuwa akiwauzia uji alihama, nikaona nafasi hiyo isinipite. Nikawa namwacha Neema kwa jirani yangu Mama Zuhura, mtu wa Tabora, mwema sana, tangu alfajiri mpaka saa tano. Maziwa yakawa yananilowesha mbele ya wanunuzi. Kwa aibu nikajifunga kifua kwa kipande cha kanga, nikakaza haswa. Nikirudi nampa mtoto titi la kulia tu, kwa kuwa la kushoto linauma. Ndivyo nilivyofanya siku kama kumi.

Lilipovimba nikakumbuka ulivyonifundisha: mtoto akicheulia titi, maziwa yake hugeuka sumu, lichanwe kwa kitana na mtoto asiliguse. Neema alicheua Jumatatu akiwa ameliegemea, nilimwona kwa macho yangu. Mama Zuhura naye akasema kwao ni hivyo hivyo, akanichana kwa kitana cha mti kuanzia juu mpaka chuchuni. Mama, nililia. Siku tatu nikamnyima mtoto titi hilo. La kulia halikumtosha, akalia mpaka sauti ikamkauka, na la kushoto likazidi kujaa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikifumba macho namwona mama mdogo Nyanzobe, titi lake lilivyopasuka, na tulivyomzika mtoto wake. Nilikuwa mdogo, lakini harufu ya chumba kile sijaisahau.

Ijumaa Baba Neema alirudi kutoka kazini akanikuta naweweseka. Akambeba mtoto, akanishika mkono, tukaenda zahanati. Pale yupo bibi mkunga, mwanamke wa Kizinza, mkali. Nilijua ananiletea kisu. Badala yake akaanza maswali. Chuchu imepasuka lini? Mtoto hukaa muda gani bila kunyonya? Hapo kifuani umefunga nini? Nikaifungua ile kanga. Akaichukua akaitia kwenye saraka ya meza yake, na mpaka leo hajanirudishia.

"Hukulogwa, na mtoto hana kosa kwa kucheua," akasema. "Umeyafungia maziwa humo ndani, na ule ufa umeingiza uchafu. Nani amekwambia umnyime?"

"Mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Shinyanga."

"Basi leo mama yako ni mimi. Mnyonyeshe, na uanze na hilo hilo linalouma."

Akanichoma sindano ya hii dawa mpya, penisilini, akanionyesha namna ya kulikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Akasema lisipolainika kufikia Jumatatu, yaani kesho, itabidi lipasuliwe usaha utoke.

Nimekanda, nimechomwa sindano tena jana. Kunyonyesha ndiko kulikonishinda. Mara tatu nimemsogeza Neema, mara tatu nimemtoa. Bibi mkunga simjui, na wewe ndiye uliyenizaa. Nikikosea, atakayekufa si mimi.

Ila kuna jambo limenikaa moyoni, nakuuliza bila ukorofi. Mama mdogo Nyanzobe, yule mtoto alimpa titi lile bovu, au alimnyima kama nilivyomnyima wangu? Maana nakumbuka bibi yetu akimchana kwa kitana. Simkumbuki mtoto akinyonya.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa nimerudi. Nimemweka, mama. Mwandiko unapanda na kushuka kwa sababu naandika kwa mkono mmoja. Maumivu yanashuka mpaka vidole vya miguu, lakini anameza, namsikia. Nisamehe. Sikuweza kungoja jibu lako.

Nisalimie baba, na shangazi ambaye alinisuka siku ya kuondoka, na wifi yangu, mke wa Kaka, mwambie kitenge chake nimekiweka. Mama Zuhura anakusalimu ingawa ameninunia tangu nikatae kitana.

Barua hii itakwenda kwa lori mpaka ziwani, ivuke mpaka Mwanza, ndipo ipande treni, kwa hiyo itawafikia baada ya siku nyingi. Baba Neema ameniahidi kwamba mtoto akidhurika atawapigia simu ya maandishi ya posta siku hiyo hiyo. Basi Kaka, ukiwa umesoma mpaka hapa na hakuna simu iliyotangulia, mwambie mama kwamba Neema ananyonya.

Mwanao,
Kabula, Mama Neema