Mke Wangu Ameipenda Albamu Niliyoikataa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ikiwezekana uniwahi kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo nimeahidi kuwa watu wawili tofauti mahali pamoja, na mwili ninao mmoja tu.

Mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na tangu nilipokuwa na nywele kichwani ni mshabiki wa Wazee wa Nyaya, ile bendi ya roki ambayo enzi hizo hata wazee hawakuwa, walikuwa vijana wenye magitaa ya kupasua ukuta, hilo jina la Wazee tuliwabandika sisi mashabiki baada ya mvi kuwaanza. Kila Jumapili alasiri tunakutana karakanani kwangu, wala si kwamba mimi ni mkarimu kupita wengine, ni kwamba hakuna mahali muziki unasikika vizuri kama penye makochi, sponji na vitambaa vinakula mwangwi wote, spika inabaki kusema ya kwake tu, basi wenzangu wanajitupa kwenye makochi ya wateja yanayosubiri kuchukuliwa, mimi naomba Mungu mtu asimwage chai, na tunasikiliza. Tuna sheria moja, kwamba hakuna kusema neno juu ya albamu mpya mpaka wimbo wa mwisho uishe. Sheria hiyo niliiweka mimi, na ndiyo sababu wananiita Sikio.

Sasa Wazee wametoa albamu baada ya kimya kirefu, tumeingoja weee, kumbe hakuna hata wimbo mmoja wa kwao! Zote ni nyimbo za watu wengine, za zamani, wamezichukua wakaziimba upya. Wa kwanza nikavumilia. Wa pili, mshauri, uzalendo ukanishinda, nikavunja sheria yangu mwenyewe, nikasimama nikasema, "Hawa wameishiwa jamani, tuwazike tu." Palepale mteja akabisha hodi, amekuja kuchukua kochi lake, nikatoka kumsaidia kulipakia, tukahangaika na mlango wa gari mpaka jasho likatutoka, na niliporudi albamu iko mwisho na karakana inawaka moto.

Breki, huyu ni rafiki yangu dereva wa lori, alikuwa amesimama juu ya kochi la watu na viatu vyake. "Mtu amekupikia miaka yote," anapiga kelele, "leo anakualika, unanawa mikono, unakaa, halafu anakupakulia chakula cha jirani!" Fundi saa, ambaye ni mpole mpaka anakera, akasema, "Sasa kama jirani anajua kupika, ubaya uko wapi?" Breki akamjibu, "Si ningekwenda kwa jirani moja kwa moja!" Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Fundi saa akaomba angalau turudie wimbo wa nne, tuusikilize vizuri, na mimi, ambaye huo wimbo wa nne sikuusikia kabisa nilikuwa nje nasukuma kochi, nikamwambia saa zimemharibu akili, kwake kila kilichokufa anadhani ukikitia ufunguo kitatembea. Wakacheka tena. Yeye hakucheka, akachukua kofia yake akaenda.

Mshauri, hapo ndipo mke wangu anapoingia. Mke wangu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini, mashine zinanguruma masikioni mwake kutwa nzima, kwa hiyo tangu tuoane hajawahi kukaa kusikiliza bendi yangu, akirudi anasema, "Baba watoto, nimetoka kwenye mashine moja, usiniingize kwenye nyingine," na mimi nilishakubali kwamba kuna mambo mawili nayapenda duniani na hayo mawili hayasalimiani. Basi Jumatatu niko peke yangu navuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi, albamu inacheza tu kwa sababu sikuitoa, ukaingia wimbo wa nne. Mke wangu alikuwa anapita na beseni. Akasimama. Ni wimbo wa taratibu, gitaa moja tu, na yule mwimbaji wao aliyekuwa ananguruma sasa sauti imemkwaruza, mahali pa juu hafiki, anapasema badala ya kupaimba. Mke wangu akaweka beseni chini akaniambia marehemu baba yake alikuwa akiupiga mluzi wimbo huo kila anaponyoa ndevu, na hajausikia tangu wamzike. Akakaa juu ya bunda la sponji. Ulipoisha akasema, "Rudia." Niliporudia akasema, "Miaka yote huyu alikuwa anagomba. Leo ndiyo anaimba."

Mshauri, nilikuwa na pini mdomoni, nikazitema, nikaurudisha mwanzo tena. Ni wimbo mzuri. Ni mzuri kuliko vitu vingi walivyoimba wakiwa na nguvu zao. Tangu siku hiyo kila akitoka kazini anapitia karakanani kabla hata ya kuvua viatu, anakaa juu ya bunda lake la sponji, hadai chochote, tunausikiliza, ananihadithia habari za baba yake ambazo sijawahi kuzisikia, mimi nafanya kazi, na nakuambia ukweli sijawahi kuwa na raha kama hii.

Taabu ni kwamba wiki hiyohiyo Breki alikuja na kitambaa cheupe. Wazee wa Nyaya wanapiga ukumbini Jumamosi hiyo niliyokutajia, na kundi limekubaliana kwamba wakianza tu kuimba nyimbo za watu, sisi wote tulio mbele tutawageuzia mgongo na kuinua bango, TURUDISHIENI NYIMBO ZETU, na nani mwenye cherehani ya kushona bango? Na nani aliyesema tuwazike? Nikasema sawa. Nimeshakata herufi zote na neno la kwanza nimeshalishona. Nikiwa hapo hapo mke wangu akaingia na tiketi mbili, amezinunua mwenyewe, hajanunua tiketi ya muziki maisha yake yote, anacheka kama msichana, anasema, "Na tusimame mbele kabisa, nimwone huyo mzee akiuimba." Nikasema sawa. Bango nikalisukuma chini ya bunda la sponji, na bunda hilo ndilo analolikalia kila jioni, kwa hiyo mke wangu anausikiliza wimbo akiwa amekalia bango la kuupinga.

Nikiwaambia wenzangu nimeupenda, nitakuwa kichekesho mpaka kaburini, Breki ataniita msaliti na Jumapili zangu zitakufa. Nikimwambia mke wangu habari za bango, naogopa ataweka beseni kichwani aendelee na njia yake kama zamani, asikae tena. Fundi saa hajarudi. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mimi. Nifanyeje?

Wako,
Sikio Lililoziba

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Sikio, pole, na hongera, maana barua yako ni ya mtu aliyeokota kito njiani na sasa analia kwamba mfuko umekuwa mzito. Nikikaa kwenye kiti hiki nasoma habari za waume wasiojua hata mke anapenda kusikia nini. Wewe wako amekaa mbele yako kila jioni anakuhadithia marehemu baba yake, na unaniuliza kuhusu Breki!

Kabla sijakujibu nimefanya kile ambacho wewe hukufanya. Nimeisikiliza albamu yote, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kutoka nje kusukuma kochi. Wenzako si wajinga. Albamu ni dhaifu, nyingi ya nyimbo zile zimeimbwa kama mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji, na Breki ana haki ya kudai chakula alichoalikiwa. Lakini huo wimbo wa nne niliurudia, kisha nikaurudia tena, na mhariri wangu akaja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo acha kujitesa kana kwamba lazima uipende albamu yote au uikatae yote. Hakuna aliyekuwekea masharti hayo ila wewe mwenyewe.

Sasa nikukaripie kidogo, maana umeomba. Uliweka sheria, ukawa wa kwanza kuivunja. Ukahukumu kitu usichokisikia, kisha ukamcheka mtu mmoja tu aliyekisikia. Halafu unaniambia "Fundi saa hajarudi" mwishoni mwa barua, kwa maneno matatu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hajarudi kwa sababu ulimfukuza. Nenda kwake kesho, dukani kwake, umwambie alikuwa na haki na wewe hukuusikia wimbo. Usimtume mtu. Kisha Jumapili, mbele ya walewale waliocheka, rudia maneno hayohayo.

Maana Jumapili hii, kabla ya onyesho, utawakusanya wote karakanani, mkeo akiwemo. Bango atakuwa ameshalijua, kwa sababu utamwambia leo, ukimaliza kulisoma gazeti hili. Litoe chini ya sponji mbele ya macho yake. Ataudhika, na ana haki, na pengine atachukua beseni lake. Mwache aende nalo. Mtu aliyejinunulia tiketi mbili kwa hiari yake hafukuzwi na kipande cha kitambaa, atarudi, ila asilikute mwenyewe siku moja akipangua sponji, hapo ndipo utaniandikia barua nyingine na sitakuwa na la kukujibu.

Hiyo Jumapili wapigie wimbo wa nne kwa sheria ile ya zamani, kimya mpaka mwisho. Usiwaombe waupende. Waambie tu kwamba wewe umeupenda, na bango hushoni. Breki akitaka kugeuza mgongo, mgongo ni wake, na vyerehani vimejaa mjini. Atakutania, tena sana, na umestahili. Lakini watu wanaochekana kuhusu chakula cha jirani mpaka wanashika mbavu hawaachani kwa wimbo mmoja. Watakuita jina jipya, utalivaa.

Kuhusu Jumamosi yenyewe, fikiri nini hasa ulikuwa unakwenda kufanya. Ungegeuka, ungewatazama watu walio nyuma, na mkeo angebaki anatazama jukwaani peke yake, anausikiliza wimbo wa baba yake akiwa na mgongo wa mumewe pembeni. Yule mwimbaji mzee asingekuona hata kidogo, taa za jukwaani zinapofusha. Wa kukuona ni mkeo. Kwa hiyo simama pale mbele, elekea anakoelekea yeye, na kama machozi yatamtoka, uwe na kitambaa mfukoni, safi tafadhali.

Na sasa jambo ambalo hukuniuliza. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali mkeo anapokaa. Breki anakaa kwenye kochi, tena anapanda na viatu. Wote wanajitupa kwenye makochi. Mkeo, mwanamke anayesimama kutwa kwenye mashine za kufulia, anakuja kwako jioni kabla ya kuvua viatu, na anakaa juu ya bunda la sponji ambayo hujaikata, nawe unaniandikia kwamba "hadai chochote" kana kwamba unamsifu. Kinyozi hajinyoi, nalijua hilo, lakini wewe umezidi. Hadai kwa sababu anangoja uone.

Basi mtengenezee kiti. Mgongo mrefu, mahali pa kuegemeza mikono, na sponji iwe nzito, usimpe masalio. Herufi ulizokata zirudishe kwa Breki pamoja na kitambaa chake, na neno ulilokwisha kulishona lifumue, usimtupie mzigo wako. Kiti kiwe tayari kabla ya Jumamosi, ukiweke mkabala na spika, pale pazuri kuliko pote. Na mteja yeyote akiingia akakipenda, akauliza bei, mwambie hicho hakiuzwi, kina mwenyewe.